COMENIUS, MWALIMU ALIYEISHI UKIMBIZINI MIAKA 42



Sisi wa upande wa elimu tumeona tulete maisha ya mtu ambaye kila aliyepitia chuo cha ualimu amewahi kuliandika jina lake kwenye karatasi ya mtihani. Mtu huyo ni Jan Amos Comenius. Chuoni tulimkariri hivi: baba wa elimu ya kisasa, ngazi nne za shule, kila ngazi miaka sita, mwalimu aanze na kitu kinachoonekana ndipo aende kwenye neno. Alama tulipata. Lakini jambo moja halikuwamo katika madaftari yetu, nalo ni kwamba mtu huyo aliyaandika karibu yote hayo akiwa mkimbizi, na kwamba hakurudi kwao mpaka anazikwa. Tena alikuwa mchungaji na hatimaye askofu, na kwa maisha yake yote swali lililomsumbua ni lile lile linalosikika hapa jioni watu wakiota moto: Mungu anafanya nini nasi katika miaka hii inayopita bure?

Alizaliwa tarehe 28 Machi 1592 huko Moravia, katika nchi ambayo leo inaitwa Ucheki. Jamaa yake walikuwa waumini wa kanisa dogo lililoitwa Umoja wa Ndugu, lililoanzishwa mwaka 1457 na wafuasi wa Jan Hus, yule padri aliyechomwa moto mwaka 1415. Comenius alipokuwa na miaka 12 alifiwa na baba, na muda si mrefu mama na dada zake wawili nao wakafariki. Akachukuliwa na shangazi yake katika mji wa Strážnice. Mwaka 1605 mji huo nao ukavamiwa na kuchomwa na askari. Shule ya Kilatini aliingia akiwa tayari na miaka 16, kijana mkubwa kati ya watoto wadogo. Katika madarasa yetu ya kambini tunao wengi wa namna hiyo, vijana wenye ndevu wanaokaa benchi moja na watoto wa umri wa wadogo zao, na wengine huona aibu wakaacha. Comenius hakuacha. Alisoma hadi vyuo vikuu vya Herborn na Heidelberg huko Ujerumani, na fedha zilipomwishia alirudi kwao kwa miguu.

Mwaka 1616 akawekewa mikono kuwa mchungaji, na mwaka 1618 akapelekwa mji wa Fulnek kuongoza kanisa na shule. Hapo akaoa mke aliyeitwa Magdalena. Mtu angesema maisha sasa yametulia. Lakini mwaka huo huo wa 1618 vilianza vile vita vilivyoitwa baadaye Vita vya Miaka Thelathini. Tarehe 8 Novemba 1620, katika mapigano ya Mlima Mweupe karibu na Praha, jeshi la Waprotestanti wa Bohemia lilishindwa na jeshi la Kaisari kwa muda wa saa chache tu. Mwaka uliofuata viongozi 27 wa upande ulioshindwa waliuawa hadharani mjini Praha, na mji wa Fulnek ukaporwa na kuchomwa na askari. Wachungaji wa Umoja wa Ndugu wakaanza kutafutwa, naye Comenius akaingia mafichoni. Mwaka 1622, yeye akiwa mbali, ugonjwa wa tauni ukamchukua Magdalena na watoto wao wawili. Mwaka 1623 vitabu vyake alivyoviacha Fulnek vikachomwa hadharani. Alikuwa na miaka 31.

(Hapa niseme neno kwa ndugu zangu Wakatoliki, maana tunaishi bloku moja na tunachota maji bomba moja. Habari hizi si za kufufua ugomvi. Siku zile kila dini iliyoshika upanga iliutumia, na hata Waprotestanti walifukuza watu.)

Sasa tutazame alichofanya mtu huyu katika miezi ile. Alikuwa amejificha katika ardhi ya kabaila mmoja, Karel wa Žerotín, aliyewahifadhi wachungaji kadhaa. Hakuwa na kanisa, hakuwa na shule, hakuwa na familia. Akaandika. Kitabu cha kwanza alikiita Mwenye Huzuni. Ndani yake mtu aliyefiwa anazungumza na Akili, halafu na Imani, na mwisho na Kristo mwenyewe. Akili inampa sababu nzuri za kutulia, naye anazikataa zote. Imani inamkumbusha ahadi za Mungu, naye bado analia. Mimi nakipenda kitabu hicho kwa sababu hakimharakishi mtu. Kuna wahubiri ambao, ukifiwa asubuhi, kufikia jioni wanataka uwe umeshangilia. Comenius hakuandika hivyo. Tena hakukimaliza mara moja. Alikirudia zaidi ya miaka 25 baadaye akaongeza sehemu nyingine, maana huzuni zilikuwa zimeongezeka.

Kitabu cha pili, cha mwaka 1623, ndicho Wacheki wanachokihesabu hadi leo kuwa miongoni mwa vitabu bora vya lugha yao. Kinaitwa Labirinti ya Dunia na Paradiso ya Moyo. Labirinti ni jengo lenye njia nyingi zinazopotosha, mtu akiingia hajui atokee wapi. Msafiri kijana anataka kuchagua kazi ya maisha, basi anatembezwa katika mji mkubwa ambao ndio dunia. Wanaomwongoza wanamvisha miwani inayofanya kibaya kionekane kizuri, lakini miwani haikukaa sawa machoni, naye anachungulia pembeni. Anaona wafanyabiashara, wasomi, askari, waganga, wanasheria, hata watu wa dini, na kila mahali anakuta ubatili na udanganyifu. Mwisho anakuta mauti, anataka kukimbia, na hana pa kwenda. Hapo ndipo anaposikia sauti ikimwita arudi alikotoka, ndani ya nyumba ya moyo wake. Anaingia, anakuta chumba cheusi, madirisha machafu, vyombo vimevunjika. Katika chumba hicho hicho Kristo anamjia.

Ndugu msomaji, angalia kwamba chumba hakikusafishwa kwanza. Nimeshika hilo kuliko mafundisho mengi niliyosikia juu ya kukua kiroho. Wengi wetu tunadhani tutamtumikia Mungu vizuri tukishapata nyumba ya bati, tukishapata kibali cha kwenda nchi ya tatu, tukishaacha hasira juu ya waliotufukuza. Comenius aliandika yale akiwa na hasira na machozi bado.

Mwaka 1625 akaandika kijitabu kingine juu ya kitovu cha usalama. Alifundisha kwamba Mungu ni kama kitovu cha gurudumu, na kadiri kiumbe anavyokaa mbali na kitovu ndivyo anavyorushwa huku na huko. Akataja magonjwa mawili yanayomtoa mtu katikati. La kwanza ni mtu kujitegemea mwenyewe kana kwamba yeye ni mungu wake. La pili ni kutegemea vitu na watu wengine mahali pa Mungu: wakubwa, majeshi, marafiki wenye fedha. Tuyaweke maneno hayo kando kidogo, maana mwandishi mwenyewe yatakuja kumgonga.

Mwaka 1627 na 1628 Kaisari alitoa amri kwamba asiyekubali dini yake aondoke. Februari 1628, katika baridi kali, Comenius alivuka milima kwenda Polandi, pamoja na mke wake wa pili, Dorota, na kundi la ndugu. Inasimuliwa kwamba pale mpakani walipiga magoti wakatazama nyuma, naye akamwomba Mungu asiache nchi ile bila mbegu iliyofichika ya watu wa kumtumikia. Walifika mji wa Leszno, ambako kabaila wa mahali aliwakubali. Comenius akapewa kazi ya kufundisha shuleni.

Nao walidhani ni kwa miezi michache. Hili nawaomba wenzetu wa mashirika walielewe, maana huwa mnatuuliza mbona hatupandi miti. Watu wa Leszno waliishi vivyo hivyo, masikio yakiwa barabarani. Comenius alikuwa ameanza kuandika kitabu chake kikubwa cha ufundishaji kwa lugha ya kwao, kwa nia ya kujenga upya shule za nyumbani siku ya kurudi. Mwaka 1631 majeshi ya Saksoni yaliingia Praha, wakimbizi wengine wakarudi mbio, naye akaandaa mpango wa shule za Bohemia. Mwaka 1632 Kaisari akautwaa tena mji. Mpango ukabaki karatasi. Walimu wenzangu ambao tumebishana miaka na miaka kama tufundishe mtaala wa kwetu au wa nchi iliyotupokea, mnaona kwamba mabishano yetu ni ya zamani sana.

Sasa nafika penye jambo ambalo wengi wanaoandika sifa zake hulipita upesi. Comenius aliamini manabii wa siku ya kurudi. Wa kwanza alikuwa fundi wa ngozi aliyeitwa Kotter, wa pili msichana aliyeitwa Kristina Poniatowska, ambaye Comenius alimlea nyumbani mwake, na wa tatu Mikuláš Drabík, aliyesoma naye utotoni. Wote walitangaza maono kwamba utawala wa Kaisari utaanguka karibuni na wakimbizi watarudi. Siku zilizotajwa zilipita bila kitu, manabii wakataja nyingine. Naye msomi huyu mkubwa, badala ya kuacha, alikusanya maono yao akayachapisha katika kitabu mwaka 1657. Wasomi wa Ulaya walimcheka, na hata baadhi ya ndugu wa kanisa lake walihuzunika. Drabík aliuawa na serikali mwaka 1671, na Kaisari hakuanguka.

Sisi wa kambini hatuna haki ya kumcheka. Nani kati yetu hajasikia kwamba ndoto imeonyeshwa, kwamba kufikia mwezi fulani njia itakuwa wazi? Watu wameuza sufuria na turubai kwa habari kama hizo. Kumwamini Mungu ni jambo moja, na kudai akupe tarehe ni jambo jingine, ingawa yanafanana sana usoni, na mtu mwaminifu kama Comenius aliyabeba yote mawili katika mfuko mmoja. Lakini kuna tofauti katika matunda. Maono ya tarehe hayakumpa kitu zaidi ya aibu. Kazi aliyoifanya kila asubuhi, bila kujua tarehe, ndiyo iliyobaki.

Kazi hiyo ilikuwa ya namna gani? Mwaka 1631 alichapisha kitabu cha kufundishia Kilatini ambacho hakikuanza na kanuni za sarufi. Kilianza na sentensi fupi juu ya vitu vya maisha, moto, maji, mifugo, ufundi, upande mmoja Kilatini na upande wa pili lugha ya mtoto. Kilitafsiriwa katika lugha nyingi za Ulaya akiwa bado hai. Katika kitabu chake kikubwa alifundisha kwamba wote wafundishwe, wavulana na wasichana, matajiri na maskini, wa mjini na wa kijijini, na kwamba ualimu ufuate majira kama viumbe wanavyofuata: ndege hataagi mayai katika baridi, mkulima hapandi wakati wa barafu, na hakuna mche unaoruka kutoka mbegu hadi tunda. Huenda ninasoma zaidi ya alichokusudia, lakini siwezi kuisoma sura hiyo bila kukumbuka kwamba aliiandika katika kipupwe cha maisha yake.

Sifa zilipoenea aliitwa London mwaka 1641, lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza Uingereza naye akaondoka mwaka uliofuata. Akaajiriwa na Waswidi kuandika vitabu vya shule. Kazi hiyo haikumpendeza sana, lakini aliifanya karibu miaka sita, na sababu yake tunaifahamu: Uswidi ilikuwa ndiyo nguvu kubwa ya Waprotestanti vitani, naye alitumaini kwamba watakapokaa mezani watawakumbuka Wacheki. Walikaa mezani mwaka 1648, wakatia sahihi Amani ya Westphalia, na wakimbizi wa Bohemia na Moravia hawakupata ruhusa ya kurudi. Comenius alikuwa amewaandikia wakubwa wa Uswidi akiwasihi. Hakuna kilichobadilika. Mwaka huo huo Dorota akafariki, akamwachia watoto wanne. Na mwaka huo huo ndugu wakamchagua kuwa askofu mkuu wa kanisa lililokuwa linakufa.

Hapa ndipo ule ugonjwa wa pili wa kijitabu cha 1625 ulipomgonga. Alikuwa ameandika juu ya kuegemea wakubwa, naye aliegemea miaka ishirini. Mwaka 1650 akaandika wosia kwa jina la kanisa lake, kama mama anayekufa akiwagawia watoto mali. Kwa taifa lake mama huyo anaacha upendo wa kweli, Biblia, lugha na malezi ya watoto, pamoja na tumaini kwamba siku moja mambo ya nchi yatarudi mikononi mwa wananchi wenyewe. Nyumba wala shamba havimo, maana hakuwa navyo. Katika maandishi hayo sioni tena mtu anayesubiri msaada wa jeshi fulani. Naona mtu anayehesabu kilichobaki.

Siwezi kusema alipona kabisa, maana mwaka 1655 mfalme wa Uswidi alipovamia Polandi, Comenius aliandika kumsifu. Mji wa Leszno uliwapokea Waswidi, na Aprili 1656 Wapolandi wakauchoma. Kwa siku chache ulikuwa majivu. Comenius, miaka 64, alitoka na familia yake karibu mikono mitupu. Nyumba iliungua, vitabu viliungua, na kamusi ya Kicheki na Kilatini aliyokuwa anaikusanya kwa zaidi ya miaka 40 iliungua. Waliokimbia nyumba zao usiku wanajua. Lakini mtu kukimbia kwa mara ya pili, uzeeni, kutoka mahali palipompokea! Inaelezwa kwamba hasara ya kamusi ile aliililia hadi mwisho wa maisha.

Akapokelewa Amsterdam na familia ya de Geer. Hapo, badala ya kukaa kuhesabu hasara, alichapisha mwaka 1657 maandishi yake yote ya elimu. Mwaka 1658 kikatoka Nuremberg kitabu ambacho watoto wa Ulaya walikitumia kwa vizazi, chenye sura 150, kila sura na picha yake iliyohesabiwa namba na maneno yake chini. Alikiandika alipokuwa mwalimu Hungaria kati ya 1650 na 1654. Kinaanza na sauti za wanyama ili mtoto ajifunze herufi kwa kumsikia kunguru na kondoo. Mwalimu anayechora ng'ombe ubaoni kwa makaa kwa sababu hana kitabu yumo katika njia hiyo hiyo. Mwaka 1659 akawachapishia wakimbizi waliotawanyika kitabu cha nyimbo kwa lugha yao, na aliendelea kuwakusanyia sadaka kutoka Uholanzi na Uingereza.

Mwaka 1668, akiwa na miaka 76, aliandika kitabu chake cha mwisho kinachojulikana sana, juu ya jambo moja linalohitajika, akitumia habari ya Martha na Maria katika Injili ya Luka. Anairudia picha ya labirinti aliyoiandika akiwa kijana. Anakiri kwamba maisha yake yalikuwa ya kutangatanga bila nchi, na kwamba juhudi zake nyingi, hata zile njema, zilimwingiza katika njia za kupotea. Halafu anamshukuru Mungu kwa yote hayo, na kwamba amemfanya mtu wa shauku. Shukrani hiyo haikuandikwa na mtu aliyejibiwa ombi lake. Ombi la kurudi halikujibiwa.

Alifariki Amsterdam tarehe 15 Novemba 1670, akazikwa mji wa Naarden katika kanisa dogo la Wawaloni, waumini wanaosali kwa Kifaransa, ambao nao asili yao ni watu waliokimbia kwao kwa ajili ya dini. Kitabu chake kikubwa kuliko vyote, juu ya kutengeneza mambo ya wanadamu wote, alikiacha hakijakamilika. Mswada wake ulipotea hadi miaka ya 1930, ulipogunduliwa katika maktaba ya kituo cha yatima huko Halle, Ujerumani, na ukachapishwa wote Praha mwaka 1966. Siku yake ya kuzaliwa, 28 Machi, ndiyo Siku ya Walimu katika Ucheki na Slovakia.

Na ile mbegu aliyoiombea mpakani? Mjukuu wake, Daniel Ernst Jablonski, mtoto wa binti yake, naye akawa askofu. Mwaka 1722 watu wa Moravia, wengine wakiwa wa koo zilizoshika imani ya Umoja wa Ndugu kwa siri karibu miaka mia moja, walitoroka wakajenga kijiji cha Herrnhut huko Saksoni. Mwaka 1735 Jablonski, mzee wa miaka 74, alimwekea mikono mmoja wao kuwa askofu, na kanisa likaendelea kwa jina la Moravian. Wamisionari wake walifika Rungwe, Tanganyika, mwaka 1891, na kabla karne haijaisha wakawa wamefika Urambo pia, upande wa Tabora.